Tuta la Zahanati

1

Siku ya sitini na moja ya msimu wa sakitu nilichomeka kipimajoto katika tuta la zahanati ya Isapwiko, nacho kikasoma nyuzi sitini na nane.

Nilikichomoa, nikakifuta kwa kitambaa, nikakichomeka tena upande wa pili. Kilikuwa kipimajoto cha shule, kimefungwa kwenye ncha ya ufito wa mwanzi wenye urefu wa mkono mmoja, na hakikuwa na desturi ya kusema uongo. Sitini na tisa.

"Linachemka," alisema Nesi Tabitha Chaula nyuma yangu. "Sema tu, Mwalimu. Kusifu hakujakatazwa na serikali."

"Linachemka."

"La shule linasoma ngapi?"

"Thelathini na tatu."

Alicheka hadi akashika nguzo ya uzio. "Kondoo wangu ana joto kuliko tuta lako! Bora upande spinachi mgongoni mwake."

Nilifunua pindo la blanketi la sufu. Chini yake spinachi ilikuwa na majani mapana kama sahani, na chainizi ilisimama wima, imenona kuliko chainizi yoyote niliyowahi kuotesha katika miaka kumi na saba ya ukuu wa shule. Hatua mbili nje ya blanketi, nyasi zilikuwa bado nyeupe kwa sakitu, ule umande unaoganda alfajiri na kuua kila jani, ingawa saa nne ilikuwa imekwisha kupita. Jua lilikuwapo, duara lisilo na makali, kama linavyoonekana kila siku tangu mataifa yatandaze Utaji. Vumbi lile la angani liliizuia bahari isimeze miji ya pwani. Hilo hakuna anayelibisha. Kwetu sisi wa nyanda za juu lilileta siku mia na ishirini za kuganda kila mwaka. Na kwa kuwa mkataba wa Utaji ulipiga marufuku moshi wa kila namna, hakuna anayepasha bustani joto kwa kuni wala kwa mkaa. Tunapasha kwa vitu vinavyooza.

Tuta hujengwa mara baada ya mavuno. Chini kabisa hutandikwa mawe meusi ya mtoni, kisha mashina ya pareto, samadi ya ng'ombe na ya kondoo, mabua ya ngano, majani ya mianzi, halafu samadi tena, hadi kimo cha sentimita tisini. Juu yake huwekwa udongo wa shubiri moja, na katika udongo huo mboga. Samadi ikiachwa peke yake huchemka wiki mbili, kisha hupoa. Ndiyo maana Kituo cha Utafiti kilitutengenezea hamira: vijidudu visivyoonekana kwa macho, vilivyozoezwa kula mabua polepole, kutoa nyuzi thelathini na tatu moyoni mwa tuta na nyuzi kumi na mbili mizizini, na kudumu hivyo hadi sakitu iishe.

Nilitazama vigingi vya pembeni. Tuta lililojengwa kwa sentimita tisini lilikuwa limebaki na hamsini.

"Limezama," nilisema.

"Limekula likashiba," alijibu Tabitha. "Njoo umwone aliyelishwa nalo."

Aliniongoza ndani. Kwenye kitanda cha kwanza alilala mwanamke kijana aitwaye Oliva Nkwama, aliyejifungua siku nane kabla. Alikuwa ameletwa kwa machela kutoka shamba la juu, ambako tuta la mumewe lilikuwa limekufa mapema na watu walikuwa wameishi kwa ugali na maziwa tangu siku ya thelathini. Ufizi wake ulikuwa umevimba na kuwa wa zambarau, kama wa wote wanaokaa muda mrefu bila mboga za majani. Bakuli lilikuwa tupu kifuani pake, pembeni mwa mtoto.

"Mafungu mawili kila siku," alisema Tabitha. "Alikuja hawezi kufumba mdomo kwa damu."

"Nesi anasema wiki mbili za kula hivi nitatafuna hata bisi," alisema Oliva.

Nilimwambia kwamba ni habari njema. Nilipotoka, Mama Sedekia alikuwa langoni, mikononi kashika kata ya kibuyu iliyotandikwa majani ya mianzi. Yeye ndiye mkubwa kwa umri katika wanawake wenye matuta hapa kijijini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu asiyetoa moto." Akanipita. "Tabitha, naomba moto, mwanangu. Langu limeanza kununa."

"Moto upo, mama."

Kabla ya Utaji, kaa la moto liliombwa kwa jirani, na aliyeombwa hakutoa kaa la pembeni lenye majivu. Alitoa lililo jekundu kuliko yote. Kumpa mtu kaa la pembeni kulikuwa sawa na kumwambia hafai. Moto ulikatazwa, desturi ilibaki, ikahamia kwenye hamira. Tabitha alikunja mkono wa gauni hadi begani, akaupenyeza katikati ya tuta, akauma meno kwa kuungua, akatoa konzi nyeusi inayofuka mvuke.

"Umenipa moyo wenyewe," alisema Mama Sedekia.

"Nikupe nini tena?"

Nilisimama nikiutazama mvuke ule. Kisha nikaomba nami konzi moja, kwa ajili ya maabara. Wote wawili walinitazama kwa mshangao, kwa maana katika miaka yote ile sikuwa nimewahi kuomba.

2

Maelekezo ya Kituo yalikuwa na vifungu kumi na viwili. Kifungu cha tano kilisema kwamba hamira haitolewi tuta hadi tuta bali kila mwaka hutoka kwenye kopo jipya. Na kwamba ikilazimu kuhamishwa, ichotwe pembe nne na katikati, kwa kiasi sawa, kisha ichanganywe. Kifungu cha tisa kilisema kwamba kila eneo litunze kopo moja la asili, limefungwa, mahali pasipozidi nyuzi kumi. Makopo ya Kituo yalikuja miaka mitano, kisha yakakoma, na hakuna aliyetuandikia sababu. Tangu hapo miaka minne ilikuwa imepita. Shuleni tulichota pembe nne na katikati kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa, na kwa sababu katika shule hii maelekezo husomwa hadi mwisho. Hatukutoa hamira, hatukupokea.

Nilijaza mabua katika chupa nne za kioo. Ya kwanza nilitia hamira ya shule, ya pili hamira ya zahanati, ya tatu zote mbili kwa kiasi sawa. Ya nne nilitia ya zahanati, nikaiweka nje ipigwe na sakitu. Kwa siku tano nilipima asubuhi, adhuhuri na jioni.

Mabua ya chupa ya kwanza yalishuka upana wa ukucha. Ya pili yalishuka nusu. Ya tatu yalishuka nusu vilevile, na nilipotazama kwa hadubini sikuona tena kijidudu hata kimoja cha shule. Vya zahanati vilikuwa vimevimaliza. Chupa ya nne iliganda, na nilipoirudisha ndani haikuamka. Hamira ya shule, niliyokuwa nimewahi kuigandisha mara nyingi, huamka daima baada ya siku mbili.

Maana yake ilikuwa wazi. Katika tuta lolote, palipo moto zaidi ndipo walipo walafi zaidi. Kila jirani alipompa jirani kilicho bora, alikuwa akiwachagua walafi na kuwaacha wenye kiasi. Miaka minne ya ukarimu ilikuwa imezaa hamira mpya, yenye joto maradufu na pupa isiyo na mwisho. Mboga zilinenepa, watu wakafurahi, na mabua yakaliwa.

Niliandika hesabu katika daftari. Njia ya kwanza: tuendelee kama tulivyo. Matuta yote kumi na manne ya kijiji yangepoa kuzunguka siku ya themanini na mbili. Sakitu ingekwisha siku ya mia na ishirini, na mboga za nje zingechukua mwezi mwingine kukomaa. Siku sitini na nane bila jani. Mabua mengine ya kuongeza hayakuwapo, na hata yangekuwapo, hamira ile ingeyamaliza kwa wiki moja.

Njia ya pili: matuta yote yabomolewe sasa, mabua yatandazwe uwanjani unene wa kiganja, sakitu iyapige siku tatu hadi hamira ya pupa ife, kisha yajengwe upya, yatiwe hamira ya shule, yapandwe. Kwa ulaji wa polepole, mabua yaliyobaki yangetosha. Mboga zingeliwa kuanzia siku ya mia moja na kitu. Katikati, kijiji kizima kingekula kutoka matuta sita ya shule yenye wanafunzi mia na themanini. Mboga ambazo zingevunwa kabla ya kubomoa zingeganda usiku, zingeyeyuka mchana, na siku ya tatu zingekuwa uozo.

Njia ya tatu: shule ifunge lango, ile mboga zake peke yake. Niliiandika, kwa sababu kila njia iliyopo huandikwa. Kisha nikaikata kwa mstari mmoja.

Liko jambo moja zaidi, na silifichi. Mwaka ule makopo yalipoacha kuja, nilimwona marehemu mama yake Tabitha akichota katikati. Nilijua kwamba ni kosa, ingawa sikujua litazaa nini. Nilirudi ofisini, nikaandika barua ya kurasa mbili kwa Kituo. Haikujibiwa. Nikahesabu kwamba wajibu wangu umetimia.

3

Mwenyekiti wa kijiji, Eliudi Tweve, aliitisha mkutano adhuhuri ya siku ya sitini na saba, uani mwa zahanati. Kila kaya yenye tuta ilileta mtu.

"Leo Mwalimu kaja kuomba moto?" aliuliza mmoja wa waliokaa nyuma, na uwanja ukacheka.

"Nimekuja kuwaomba muuzime," nilisema.

Niliwaeleza chupa nne. Sikupunguza neno. Walisikiliza kama watu wanavyosikiliza hotuba ya kiserikali, wakitazama mikono yao, hadi Mama Sedekia aliponyosha kidole.

"Unasema moto wetu ni mbaya kwa sababu ni moto sana?"

"Ndiyo, mama."

"Toka nizaliwe sijasikia."

"Mama, unafuga kondoo. Ukichagua dume kwa kutazama pembe peke yake, kila mwaka lile lenye pembe kubwa kuliko yote, baada ya miaka kumi unapata nini?"

"Kondoo wa pembe."

"Na sufu?"

"Hana."

"Nyama?"

"Mifupa na kiburi," alisema, na hakuna aliyecheka, kwa kuwa wote walikuwa wafugaji.

Tweve alivua kofia, akaivaa tena. "Mwalimu, hebu tuelewane. Miaka tisa hujampa mtu hapa hata punje ya hamira. Mke wangu alikuja langoni kwako mwaka juzi na kata mkononi, ukamsomea kifungu cha tano. Leo unataka tuzime, tukae gizani, tuje kwako kuomba chakula na moto. Ungekuwa wewe, ungefikiri nini?"

"Ningefikiri kwamba mtu huyu anataka kututawala."

"Ehe."

"Kwa hiyo msiniamini mimi. Aminini vigingi. Kila mtu aende kwenye tuta lake atazame lilijengwa kimo gani na sasa ni kimo gani. Kisha arudi."

Walikwenda. Walirudi mmoja mmoja.

"Langu limebaki arobaini na tano," alisema Tweve. Kisha akauliza swali nililolitarajia. "Tangu lini ulijua tunachota vibaya?"

"Tangu miaka minne iliyopita."

"Ukafanya nini?"

"Niliandika barua Kituoni."

"Kituo kinakaa hapa?" aliuliza Mama Sedekia. "Sisi tunakaa hapa! Ulishindwa kuvuka barabara, Mwalimu? Ungeniita mchawi, ungenitukana, ningekasirika siku mbili, siku ya tatu ningekuuliza kwa nini."

"Nilishindwa, mama."

Tabitha ndiye aliyesimama. Alikuwa amevaa koti la uuguzi juu ya sweta mbili.

"Mimi nakubali hesabu yako," alisema. "Bomoeni yote. Lakini niachieni la zahanati siku kumi. Kumi tu. Nina wagonjwa kumi na mmoja, na nina Oliva anayenyonyesha. Shule itampa nini?"

"Kiganja kimoja cha mboga kila mgonjwa, kila siku. Wasio wagonjwa, kiganja kimoja kila siku ya tatu, na wanafunzi vivyo hivyo."

"Kiganja kimoja hakimtoshi mama anayenyonyesha."

"Hakitoshi."

"Unajua, na bado unasema?"

"Matuta ya shule ni sita, Nesi. Nimeyagawa kwa watu wote. Hata fungu langu mwenyewe nimekwisha kulitia humo."

"Basi siku kumi. Nitazungusha uzio. Hakuna atakayegusa."

"Litabaki kuwa tuta moto peke yake katika kijiji chenye baridi. Atakuja mtu kuomba. Konzi moja ikitoka, kazi yote imepotea."

"Nitamnyima."

Mama Sedekia, kwa upole ambao sikuutegemea kwake, alisema: "Wewe? Umnyime nani, mwanangu? Mtu asimame langoni na kata mkononi, mtoto mgongoni, Tabitha binti Chaula aseme hakuna? Hata mimi ningekuja. Na ungenipa."

Watu walicheka kidogo. Tabitha aliutazama mkono wake wenye alama za kuungua.

"Ningekupa," alisema.

"Haya. Nileteeni uma wa shamba," alisema Mama Sedekia. "Nianze na langu kabla sijabadili mawazo."

Jioni ile mablanketi ya sufu yalitolewa matutani. Mvuke ulipanda kutoka nyua kumi na nne kwa wakati mmoja, na watu walisimama wakiutazama ukiisha. Tabitha alivuna spinachi yote ya zahanati mwenyewe. Oliva alipata mafungu mawili siku hiyo na mawili siku iliyofuata. Siku ya tatu alipata kiganja.

4

Siku ya sabini walikuja shuleni na kata na ndoo zao. Niliwapanga mstari kama wanafunzi, nao wakajipanga, jambo ambalo Tweve alilitolea maoni ambayo sitayaandika. Niliwachotea mmoja mmoja mbele ya wote: pembe nne na katikati, ndoo mbili kila tuta. Hamira yetu haifuki. Ukiishika ni kama udongo uliokaa juani kidogo.

"Mbona imepoa?" aliuliza kila mmoja, na kila mmoja nilimjibu kwamba ndivyo ilivyo.

Wengine walipokea wakiangalia pembeni. Mama mmoja aliponiona nachota ukingoni alianza kulia, si kwa hasira. Alisema tu kwamba mama yake asingeamini.

Tabitha alikuwa wa mwisho. Alipokea ndoo zake, akaziweka chini.

"Itachukua siku ngapi kupasha?"

"Sita, mabua yakiwa yameganda."

"Hakuna njia ya haraka?"

Ningeweza kusema hakuna. Swali lilikuwa fupi, na jibu la uongo lingekuwa fupi zaidi. Tweve alikuwa pale, na Mama Sedekia, na nusu ya kijiji.

"Ipo," nilisema. "Nina kopo la asili la Kituo. Hamira iliyokolea, imelala, haijafunguliwa kamwe. Likitiwa katika tuta moja, tuta hilo litapata joto siku hiyo hiyo."

Uso wa Tabitha haukubadilika. "Siku sita mapema."

"Siku sita mapema."

"Mboga za Oliva, siku sita mapema."

"Ndiyo."

"Basi nipe."

"Sitakupa."

Mtu fulani alitamka neno baya. Tweve alinyosha mkono, wakanyamaza. "La nani kopo hilo, Mwalimu? La shule?"

"Si la shule. Ni la wakati ambapo hamira hii ninayowapa leo itakuwa imeharibika tena. Nanyi mtaikosea tena siku moja."

"Au wewe utaikosea."

"Au mimi nitaikosea. Siku hiyo pasipokuwa na kopo, hakuna pa kuanzia. Si katika Isapwiko tu. Sijui kama liko jingine katika nyanda hizi zote."

"Hujui," alisema Tabitha. "Lakini Oliva unamjua. Umemwona ufizi wake. Unaweka mtu ambaye hajazaliwa juu ya mtu aliyelala kitandani kwangu?"

Nilitafuta namna ya kulijibu swali hilo ambayo isingekuwa kifungu. Sikuipata.

"Ndiyo," nilisema.

Nilidhani watavunja mlango wa stoo. Walikuwa wengi, na mlango ule ni wa mbao nyepesi. Tabitha alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono magotini.

"Sikiliza," alisema. "Kopo hilo halikai kwako. Kwako litakaa kabatini na vitabu, na wewe utalala usingizi mzuri. Litakaa zahanati, kando ya kitanda chake. Na utakuja mwenyewe, kila asubuhi, kulipima. Usimtume mwalimu mwingine, usimtume mtu. Umtazame Oliva, upime kopo lako, uende."

"Kifungu cha tisa kinataka mahali pasipozidi nyuzi kumi," nilisema.

"Tangu mlipobomoa tuta lililokuwa likipasha ukuta wangu," alisema Tabitha, "wodi nzima haizidi nyuzi kumi."

5

Kwa hiyo nilikwenda. Saa moja na nusu asubuhi, baada ya mstari wa shule, nilivuka barabara nikiwa na kipimajoto. Kopo lilikaa juu ya stuli baina ya kitanda cha Oliva na ukuta. Nilipima, nikaandika, nikamsalimu, nikaondoka. Siku ya kwanza hakuniitikia. Siku ya pili aliitikia. Siku ya nne jino lake moja lilitoka, na siku ya tano la pili. Tabitha aliyaweka kwenye kisahani cha dawa juu ya stuli hiyo hiyo, karibu na kopo, mahali ambapo nisingeweza kuandika bila kuyaona.

Siku ya sita, ambayo ilikuwa siku ya sabini na sita ya msimu, tuta la zahanati lilisoma nyuzi kumi na tisa, na lilikuwa likizidi kupanda. Nilimwambia Tabitha. Aliitikia kwa kichwa, akaenda kupanda mboga.

Oliva alikuwa ameketi, ameegemea ukuta, mtoto amefungwa kifuani kwa khanga mbili na blanketi la sufu. Midomo yake ilikuwa na mipasuko. Maziwa yalikuwa yamepungua, na mke wa Tweve alikuwa akija mara mbili kwa siku kumsaidia kunyonyesha.

"Mwalimu," alisema. Alitamka polepole, kwa sababu ya ufizi. "Ndiyo hamira yenyewe?"

"Ndiyo hii."

"Ni nyepesi au nzito?"

"Nyepesi."

Akalitazama. "Mlipokaa kule uani, mkasema la zahanati libomolewe. Nilikuwa nawasikia kupitia dirishani. Mlisema jina langu mara nyingi."

"Ndiyo."

"Na shuleni tena mlilisema. Nesi kaniambia. Hakuna aliyekuja kuniuliza."

Nilisimama na daftari mkononi. Nilipitia kumbukumbu zangu, mkutano mzima na siku ya kugawa hamira, nikitafuta mtu aliyewahi kuingia wodini kumwuliza. Hakuwapo. Nilikuwa nimehesabu mabua, siku, watu na viganja. Nilikuwa nimemwandika yeye katika daftari, mstari wa pili wa orodha ya wagonjwa.

"Hatukukuuliza," nilisema.

"Mngeniuliza, ningekataa."

"Najua."

"Ningesema nipeni kopo. Ningelia, ningepiga kelele. Nina mtoto."

"Ungekuwa na haki."

Alimfunika mtoto kichwa, akasubiri apumue vizuri, kisha akanyosha mkono wake mwembamba akaligusa kopo kwa nyuma ya vidole, kama mtu anavyogusa paji la uso la mgonjwa. Niliona anakunja uso.

"Limekaa karibu na mimi mno," alisema. "Upande huu lina uvuguvugu. Mtoto ana joto, nami nina homa. Lipime upande huu."

Nilipima. Nyuzi kumi na moja.

"Litaamka?"

"Likikaa hivi siku mbili tatu, litaamka. Na ndani hakuna cha kula. Litakufa."

"Basi lipeleke dirishani," alisema Oliva. "Kuna baridi."

Nililichukua kwa mikono miwili, nikaliweka kwenye kizingiti cha dirisha, ambako kioo kilikuwa bado kimeganda kwa ndani. Nilingoja kipimajoto kishuke hadi tisa. Nikaandika tisa. Nilipogeuka, alikuwa ameketi vilevile, akilitazama, kuhakikisha kwamba nimeliweka vizuri.